Shirikisho la kibunge: ya kijiweni na yalivyo hasa

Vijiwe vya kahawa vya Ujiji havikosi siasa za nje. Ikitajwa India, Ujerumani au Ethiopia, zote zenye serikali ya shirikisho (majimbo yana mamlaka yake kikatiba) na ya kibunge (serikali hutokana na bunge), haya ndiyo husemwa.

Dhana: Jimbo la huko ni kama mkoa wa huku, ila kubwa.
Mkuu wa Mkoa wa Kigoma huteuliwa na Rais, na Rais akitaka humwondoa kesho asubuhi. Waziri Mkuu wa Bavaria, jimbo la Ujerumani, huchaguliwa na bunge la jimbo hilo, na serikali ya Berlin haina uwezo wa kumfukuza. Ujerumani ina majimbo 16, na shule na sehemu kubwa ya polisi ni kazi yao kikatiba, si hisani ya serikali kuu. India imeacha mwanya: kifungu cha 356 cha katiba yake kinaruhusu jimbo kuwekwa chini ya serikali kuu utawala wake unapokwama. Mwanya huo umetumika mara nyingi mno.

Dhana: Wananchi humpigia kura Waziri Mkuu.
Wao huchagua wabunge. Anayeungwa mkono na wabunge walio wengi ndiye huunda serikali. Wazee wetu waliwahi kuongozwa kibunge, ingawa bila shirikisho. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, mkuu wa serikali alikuwa Waziri Mkuu, Mwalimu Nyerere. Januari 1962 akajiuzulu, Rashidi Kawawa akashika nafasi, na hakuna aliyepanga foleni kituoni. Utaratibu huo ulikoma tulipokuwa jamhuri, mwisho wa mwaka ule ule.

Dhana: Serikali ikishindwa kura bungeni, nchi imeyumba.
Aprili 1999 serikali ya Waziri Mkuu Vajpayee huko India ilianguka kwa kura moja tu, 269 dhidi ya 270. Aliendelea kushika ofisi kwa muda, uchaguzi ukafanyika, akarudi madarakani. Serikali za majimbo hazikuguswa. Wajerumani wamekaza zaidi, na kwangu wao ndio waliopatia: Bunge halimwondoi Chansela, yaani mkuu wa serikali yao, mpaka limchague mrithi wake katika kura hiyo hiyo. Oktoba 1, 1982, Helmut Schmidt alitoka na Helmut Kohl akaingia kwa namna hiyo.

Dhana: Kila shirikisho ni la kibunge.
Marekani na Nigeria ni mashirikisho yenye rais mtendaji. Uingereza ni ya kibunge, lakini si shirikisho.

Dhana: Sisi tuna Waziri Mkuu na tuna Zanzibar, basi ndiyo hivyo hivyo.
Bunge letu likimwondoa Waziri Mkuu, Rais hubaki, kwa kuwa yeye ndiye mkuu wa serikali na amechaguliwa na wananchi moja kwa moja. Zanzibar ina serikali yake, Tanganyika haina. Tume ya Jaji Warioba, ya mabadiliko ya katiba, ilipendekeza shirikisho la serikali tatu mwaka 2013, lakini Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likabaki na mbili.