Maslahi binafsi ya mhariri wa saraka ya tovuti

Mtu anayeijua mada vizuri kiasi cha kuomba kuihariri katika saraka ya tovuti, yaani orodha ya tovuti zilizopangwa kwa kategoria, mara nyingi ana tovuti yake kuhusu mada hiyo hiyo, au ameajiriwa na mwenye nayo. Kumtafuta mjuzi asiye na maslahi yoyote ni kupoteza muda. Ndiyo maana DMOZ, saraka iliyoanzishwa mwaka 1998 na kuhaririwa na watu wa kujitolea hadi ilipofungwa Machi 2017, haikuwazuia wahariri kuorodhesha tovuti zao. Kilichozuiwa ni upendeleo. Curlie, iliyoendeleza kazi hiyo, ilirithi pia tatizo hili.

Kazi inaanzia kwenye fomu ya maombi, pale unapoulizwa una uhusiano na tovuti zipi. Taja zote: unayoimiliki, uliyoitengeneza kwa malipo, ya mwajiri, ya mteja, ya mwenzi wako, na ile inayokupa kamisheni kila mtu anapobofya kiungo. Waombaji wengi huficha wakidhani wakisema watakataliwa. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ni mbaya, maana uhusiano uliotajwa unaweza kusimamiwa, lakini uliofichwa ukigunduliwa baadaye, hata uamuzi wako uliokuwa wa haki utatiliwa shaka. Tovuti za mfano unazopendekeza kwenye fomu zisiwe zako. Na usikimbilie kategoria kubwa ya biashara. Mgeni huaminiwa kwanza na kategoria ndogo.

Ukishakubaliwa, tovuti yako ipate kile ambacho ingepata mikononi mwa mhariri asiyekujua: kwa kawaida ingizo moja, katika kategoria inayoifaa zaidi. Usiingize kurasa zake za ndani moja moja. Kichwa kiwe jina la tovuti, na maelezo yaseme kilichomo bila sifa. “Wauzaji bora wa darubini kwa bei nafuu kuliko wote” ni tangazo. “Darubini na lenzi, orodha ya bidhaa, bei na mwongozo wa kuunganisha” ni maelezo.

Hilo ni jepesi. Ugumu uko kwa washindani, na hapo ndipo nimeona wahariri wakijidanganya. Kufuta tovuti ya mshindani ni kosa linaloonekana, kwa kuwa mfumo huhifadhi kumbukumbu za kila hariri. Madhara makubwa zaidi hupitia njia za kimya: maelezo ya mshindani yanakatwa hadi yanabaki maneno matatu, au tovuti yake inahamishiwa kategoria ya chini isiyotembelewa, au ombi lake la kuorodheshwa linaachwa kwenye foleni tu. Hili la mwisho ndilo gumu kuthibitisha. Mhariri wa kujitolea hakuwa na muda maalumu wa kumaliza foleni, kwa hiyo kuchelewesha kulifanana na uvivu wa kawaida. Dawa ninayoipendekeza ni kushughulikia maombi ya washindani kabla hujaigusa tovuti yako, na kuandika sababu kwenye kumbukumbu kila unapokataa au kuhamisha. Ukiona mkono mzito, mwombe mhariri mwingine aamue. Kipimo changu ni hiki: je, sababu uliyoandika ungeikubali kama ingetumika dhidi ya tovuti yako?

Vishawishi havikuwa vya kufikirika. Data ya DMOZ ilitolewa bure, na Google waliitumia katika saraka yao kwa miaka mingi, kwa hiyo ingizo moja lilinakiliwa kwenye tovuti nyingi, na wenye biashara walilitafuta kwa ajili ya nafasi kwenye matokeo ya utafutaji. Ofa ya fedha haiji ikiitwa rushwa. Inaitwa ada ya ushauri, au ada ya kuharakisha, au mabadilishano: niorodheshe nami nikuwekee kiungo. Zote zina jibu moja. Kataa kwa maandishi, hifadhi ujumbe, na uwaarifu wahariri wa ngazi ya juu kabla hujaishughulikia tovuti hiyo. Aliyepokea malipo hunyang’anywa haki ya kuhariri, na ni sawa, kwa sababu msomaji hana njia ya kutambua ingizo lililonunuliwa.

Maslahi si fedha pekee. Muumini anayehariri kategoria ya dini yake, au mwanachama wa chama cha siasa, anaweza kuzibania tovuti za wakosoaji bila kupata chochote. Tovuti ya upinzani yenye maudhui halisi inastahili kuorodheshwa, na maelezo yake yaeleze msimamo wake bila kuuhukumu. Kinyongo nacho ni maslahi: aliyeachishwa kazi na kampuni asiihariri tovuti ya kampuni hiyo.

Mwisho, orodha uliyojaza siku ya maombi huchakaa. Ukipata mteja mpya au ukibadilisha kazi, irekebishe kabla ya hariri inayofuata.