Seva inayozima kila baada ya dakika: kwa nini nimeacha ukaguzi wa chinichini

Mwezi uliopita niliitwa kwenye duka moja la vifaa vya skuli, Chake Chake. Mwenye duka, mama wa makamo, alinipokea kwa malalamiko. "Mwanangu, mashine hii ina shetani. Inawaka vizuri, nakaa nianze hesabu, mara inazima na kujiwasha yenyewe."

"Hebu tuiangalie pamoja, bi mkubwa," nikamwambia, nikatoa saa.

Mashine ikawaka, ikaomba jina na nywila. Ikapita dakika moja na kitu, ikafa. Tukairejea, ikafa vile vile. Diski mbovu haihesabu dakika, na joto halina mwendo wa namna hiyo. Nikamuuliza kama umeme ulikatika siku za karibuni. Ulikatika, tena mara nne kwa usiku mmoja.

Seva ile inaendeshwa na FreeBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, na mafaili yake yamo kwenye UFS, mfumo wake wa kupangia mafaili kwenye diski. Zamani, mashine ikizimika ghafla, ilipaswa kukagua diski nzima ndipo ifunguke, na diski kubwa huchukua muda mrefu. Toleo la 5.0, la Januari 2003, likaleta ukaguzi wa chinichini, kazi ya Marshall Kirk McKusick: mashine inafunguka, inasubiri sekunde 60, kisha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mafaili, inachukua picha ya hali ya mfumo wa mafaili kwa wakati huo na kuikagua picha hiyo huku watu wakiendelea na kazi zao. Zile sekunde 60 ndizo nilizokuwa nikizihesabu.

Ubunifu ule ni mzuri, nauheshimu, lakini una sharti. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hupanga maandishi yake kwenye diski kwa zamu, ili umeme ukikatika kosa kubwa liwe ni nafasi zilizoandikwa kuwa zimeshikwa na kumbe hazina mwenyewe. Kosa hilo halimdhuru mtu, na linaweza kusafishwa taratibu. Sharti ni diski iseme kweli. Diski nyingi za bei rahisi hujibu "nimeshaandika" wakati data bado imo kwenye kumbukumbu yake ya muda, kisha huandika kwa mpangilio inaoutaka yenyewe. Umeme ukienda hapo, zamu yote imevurugika: faili mbili zinadai nafasi moja, au faili inashika nafasi ambayo ramani inasema ni tupu. Kerneli ikija kuachia nafasi na kuikuta imeshaachiwa, inasimama makusudi isije ikaharibu zaidi. Kwenye kioo cha duka lile niliusoma ujumbe wenyewe: "freeing free block". Mashine ikajiwasha, ikaona diski haikufungwa vizuri, ikangoja sekunde 60, ikaanza tena ukaguzi, ikaanguka palepale.

Fundi wa majahazi hupandisha chombo pwani ndipo akakalafati. Anayeziba tundu chombo kikiwa safarini atakuwa amekiamini mno kile chombo.

Kabla ya lolote nilinakili diski nzima kwa dd, amri ya kunakili diski kama ilivyo. Hatua hii usiiruke, kwa sababu fsck hurekebisha kwa kufuta. Kisha nikaiwasha mashine katika hali ya mtumiaji mmoja, yaani ya matengenezo tu, na kuandika fsck -y, irekebishe bila kuniuliza kila mara. Mzunguko wa kwanza ulijaza kioo, nikarudia mpaka ikanyamaza. Katika saraka ya lost+found, ambamo fsck huweka mafaili yasiyo na mahali, tukakuta mafaili matatu yaliyopoteza majina, na moja lilikuwa daftari la madeni la mwaka huu. Yule mama alikaa kitini akashika kichwa, akamshukuru Mungu.

Ndani ya /etc/rc.conf, faili la mipangilio ya kuwashia mashine, niliongeza mstari huu wa kuzima ukaguzi wa chinichini:

background_fsck="NO"

Sasa umeme ukikatika atasubiri mashine ikaguliwe kwanza ndipo afungue hesabu. Tangu kile kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara na sisi mafundi tukaishi kwa jenereta, sijaona dakika hizo kuwa ni hasara.

Toleo la 9.0, la 2012, liliongeza jarida, yaani daftari la mabadiliko ya karibuni ya mafaili, linalofupisha ukaguzi mpaka sekunde chache, ila nalo linaiamini diski ileile. Seva mpya naziwekea ZFS, mfumo mwengine wa mafaili, ambao hauandiki juu ya data ya zamani na hauhitaji fsck kabisa. Ya duka lile ina kumbukumbu ndogo, kwa hiyo nimeiacha na UFS. Yuu-pii-esi yake, kifaa cha betri cha kushikilia mashine umeme ukikatika, nilipoifungua nilikuta betri imevimba, na nyengine tumeagiza Unguja, inakuja na boti.