"Fundi, havijatumika sana"

Kila anayeingia karakanani na begi la vifaa vya kupigia mbizi alivyonunua kwa mtu huniambia hivyo, tena kwa furaha. Leo naomba nijibu kwa maandishi, maana kujibu kwa mdomo kumenichosha. Vingi hutoka pwani, Diani au Zanzibar, vikapakiwa kwenye basi hadi Kampala. Vingine huachwa Entebbe na mgeni anayehama. Mnunuzi ana vizimba vya samaki upande wa Jinja na anataka kijana wake ashuke kukagua nyavu. Bei nzuri, kifaa kinang'aa, na ni kweli hakijatumika. Hofu yangu inaanzia hapo hapo.

Regyuleta, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya hewa ya mtungi ili mpiga mbizi aivute, ikifanya kazi kila wiki huoshwa, na ikianza kuvuja mtu anaona. Iliyofungiwa kabatini miaka mingi huharibika bila shahidi. Maji ya bahari yaliyobaki ndani hukauka, chumvi ikaanza kula shaba, na oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, hukakamaa kama tairi za gari lililoegeshwa juani. Kabla ya kutoa pesa, ondoa kifuniko cha vumbi kwenye hatua ya kwanza, yaani sehemu inayofungwa kwenye mtungi, uelekeze tochi kwenye kichujio, kile kiduara cha chuma pale hewa inapoingilia. Kikiwa na ukijani, maji yamepita. Kikiwa na wekundu, kilikuwa kikipokea hewa ya mtungi wa chuma wenye kutu. Kikiwa cheusi, shuku kompresa iliyojaza mitungi hiyo. Kikiwa safi, bado hujui hali ya dayaframu (utando wa mpira) wala ya siti (kikalio cha vali) za ndani, lakini angalau una sababu ya kuendelea na mazungumzo.

"Lakini nimeijaribu, inapumua." Umeijaribu wapi, ndugu yangu? Sebuleni! Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya ufukweni pale ina mgandamizo wa takriban bar 0.88. Shuka mita 20, kila pumzi inabeba hewa zaidi ya mara tatu ya ile uliyovuta ukiwa juu. Kifaa chako hakijawahi kuombwa kiasi hicho. Tena umejaribu kwa mtungi uliojaa, wakati hatua za kwanza za muundo wa zamani huwa nzito hewa inapokaribia kuisha, yaani saa ile ile kijana anapohangaika kupanda kwenye maji machafu asimoona hata mkono wake. Kupumua nchi kavu kunathibitisha kwamba tundu halijaziba, basi.

Mitungi ndiyo inayoninyima usingizi. Soma mihuri iliyogongwa kwenye bega la mtungi, chini ya shingo. Kipimo cha mgandamizo wa maji hufanywa kila miaka 5 kwa desturi za nchi nyingi, na kukagua ndani ni kila mwaka. Mtungi wa chuma ulioingia maji hupata kutu, na kutu hiyo hula oksijeni iliyofungiwa humo. Geji itasema umejaa, nawe utavuta hewa isiyokutosha kuishi na kuzimia bila dalili. Hewa ya zamani imwagwe yote, usimpe mtu aivute.

Kuna pia aluminiamu ya aloi 6351, ambayo watengenezaji wa mitungi Luxfer wa Marekani waliitumia hadi 1988. Shingo zake zinaweza kupata nyufa taratibu. Hapa nasema wazi jambo ambalo vitabu hulipitia haraka: iliyopasuka ni michache mno kati ya yote iliyotengenezwa, na mashine ya kutafutia nyufa wakati mwingine huona ufa usiokuwepo. Inawezekana kabisa naikataa mitungi mizima. Hata hivyo siijazi, kwa sababu anayesimama kando yake wakati wa kujaza ni mimi na msaidizi wangu.

Na vali! Vali ya M25, yenye thredi (michirizi ya kukazia) ya milimita 25, huingia kwenye mtungi wa thredi ya robo tatu ya inchi, ikashika mizunguko kadhaa, ukadhani imekaza. Wakati wa kujaza huchomoka kama risasi. Muuzaji aliyebadilisha vali mwenyewe hawezi kukwambia hayo kwa sababu hata yeye hayajui.

Geji ya kina ya sindano, iliyosawazishwa kwa bahari, huku kwetu husoma pungufu kwa zaidi ya mita moja. Kompyuta ya kupigia mbizi ya zamani, isiyo na mpangilio wa mwinuko kutoka usawa wa bahari, isikupangie muda wa kukaa chini ya maji. Jaketi la kuelea lijaze hewa, liache usiku kucha, asubuhi uone kama limelegea.

Mapezi, mikanda na risasi za uzito nunua kwa yeyote, hata sokoni. Mtungi na regyuleta, mje navyo karakanani wewe na muuzaji, vifunguliwe mkitazama wote, ndipo mpatane bei mkiwa mmeshajua gharama ya vipuri. Asipotaka vali ifunguliwe, mwachie mtungi wake.