Mpini wa fimbo ya gofu: dhana potofu na ukweli wake

Wachezaji wengi hujichagulia kichwa cha fimbo kwa makini, kisha mpini wakauchukua kwa herufi ya ugumu iliyochapwa ubavuni. Herufi hiyo imepotosha watu wengi, basi tuanze nayo.

Dhana: "S" ni "S" popote utakaponunua

Hakuna kipimo cha pamoja kinachovibana viwanda. Herufi L, A, R, S na X, kutoka laini kabisa hadi ngumu kabisa, hupanga ugumu ndani ya toleo moja la mtengenezaji mmoja. R ya huyu yaweza kuwa ngumu kuliko S ya yule. Fundi hubana mpini upande wa mshiko, huvuta ncha na kuiachia, kisha mashine huhesabu mitikisiko. Mpini wa draiva, fimbo ya mapigo marefu, hutikisika takriban mara 250 kwa dakika, na ukiwa mgumu zaidi hesabu hupanda. Linganisha tu vipimo vya urefu uleule na kichwa cha uzito uleule, kwa sababu kufupisha mpini nako hupandisha hesabu. Hata hivyo, kipimo hiki husema zaidi kuhusu upande wa mshiko. Mipini miwili yenye hesabu moja yaweza kutofautiana sana kwenye ncha.

Dhana: mpini wa grafiti humiminwa kwenye kalibu kama plastiki

La, huviringwa. Karatasi za nyuzi za kaboni zilizokwisha kulowa resini ya epoksi huhifadhiwa kwenye baridi ili resini isianze kuiva. Hukatwa vipande kwa vipimo, kisha mashine huviviringa juu ya ufito wa chuma unaopungua unene kuelekea ncha. Tabaka ambazo nyuzi zake zinafuata urefu wa mpini huzuia kupinda. Zile zilizolazwa kwa digrii 45, moja kulia na nyingine kushoto, huzuia kujisokota. Kwa hiyo mbuni anaweza kubadili kimoja bila kugusa sana kingine, jambo ambalo bomba la chuma haliruhusu kwa urahisi.

Utepe wa plastiki hufungwa juu kwa mkazo ili kukamua hewa, na mpini huokwa kwenye tanuri. Ufito huchomolewa, utepe hubanduliwa, matuta uliyoyaacha husagwa, ndipo rangi hupakwa. Utepe ukilegea, hewa hubaki kati ya tabaka na hapo ndipo ufa huanzia. Kusaga kupita kiasi ni hatari vilevile: nyuzi za nje ziko mbali na kitovu cha mpini, hivyo ndizo zinazochangia ugumu zaidi. Kingo za karatasi zikiangukia upande mmoja, mpini huwa mgumu zaidi upande huo, ilhali kanuni za gofu zinataka upinde sawasawa hata ukizungushwa vipi.

Dhana: vidato vya mpini wa chuma ni mapambo

Ukanda wa chuma hukunjwa na kuchomelewa kuwa bomba, bomba huvutwa ili lipungue unene, kisha vidato hubanwa kimoja kimoja kuelekea ncha. Ni njia ya kupunguza kipenyo hatua kwa hatua. Ipo pia mipini ya chuma isiyo na vidato.

Dhana: mpini hufyatua mpira kama manati

Mpira na kichwa hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, muda mfupi mno kwa mpini kusukuma chochote. Kazi yake kubwa huwa imekwisha: kitovu cha uzito wa kichwa hakiko kwenye mstari wa mpini, hivyo mzunguko huvuta kichwa na kuupindisha mpini mbele, na uso wa fimbo hufika kwenye mpira kwa pembe tofauti. Kasi hutoka zaidi kwa mchezaji.

Dhana: kata upande wowote, mradi urefu utimie

Kukata ncha huondoa sehemu nyembamba, na mpini hukazika. Kukata upande wa mshiko hufupisha tu, karibu bila kugusa tabia ya ncha. Mipini mingi ya draiva ina ncha ya milimita 8.5 iliyonyooka kwa kipande kifupi. Ukikata kupita hapo, haiingii tena kwenye shingo ya kichwa. Mipini ya aironi (fimbo zenye kichwa bapa cha chuma) yenye ncha ya kuchongoka haikatwi ncha kabisa.

Wakati wa kugundisha mpini kwenye kichwa, paraza rangi tu kwa msasa na uache nyuzi zikiwa nzima. Lainisha ukingo wa ndani wa shingo, kwa sababu ukali wake hukata grafiti juu kidogo ya kichwa, na hapo ndipo mipini mingi huvunjikia. Changanya epoksi kwa kipimo cha mtengenezaji na uiache siku nzima. Ukitaka kuutoa mpini wa grafiti, pasha shingo joto la wastani na uvute moja kwa moja kwa kifaa cha kuvutia. Ukiuzungusha, tabaka huachana ndani na jicho halioni kitu.