Moshi wa Lubumbashi haugawanyiki sawa

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Wakati wa kiangazi upepo wa hapa hutoka kusini-mashariki, hivyo kwa miaka mingi moshi wa lile dohani refu ulielekea kaskazini-magharibi na kutua upande wa Penga Penga. Mpaka leo kuna sehemu huko zisizoota majani vizuri, maana shaba na metali nyingine zimejaa udongoni. Moshi umepungua, udongo umebaki, na kila kiangazi upepo huupandisha tena hewani.

Mwenye uwezo hununua kiwanja mbali na vumbi, karibu na lami. Asiye nacho huchukua kinachopatikana: pembeni ya mgodi, au kando ya barabara ya udongo inayopitwa na malori ya madini. Bei ndogo ya kiwanja hulipwa baadaye kwa kikohozi na pumu.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha metali walikuwa na kobalti nyingi kuliko wanaokaa mbali, na watoto ndio walioathirika zaidi. Wengi wao walipita kiwango kinachopendekezwa kwa watu wazima wanaofanya kazi na kobalti. Mtoto anacheza chini, anapeleka mikono mdomoni, anavuta vumbi linalopita kwenye usawa wa uso wake. Hajawahi kuingia mgodini.

Halafu kuna moshi wa nyumbani. Umeme ukikatika, tajiri huwasha jenereta, na moshi wake huenda kwa jirani. Familia nyingine hurudi kwenye mbabula, yaani jiko la makala (mkaa). Anayenunua makala kwa fungu kila siku hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia zima, na mama anayepikia chumba kimoja na watoto ndiye anayevuta hewa mbaya kuliko wote. Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba moshi wa kupikia uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Nasisitiza jambo moja kwa baridi ya mwezi wa sita na wa saba: msilale na mbabula ndani. Makala yaliyokwisha kuwa mekundu hayaonyeshi moshi, lakini yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Kumwambia maskini ahame au anunue jiko la gesi ni kumwachia mzigo ambao hakuutengeneza. Sheria ya madini ya Kongo (Code minier) iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zinazochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazowazunguka. Wakazi wanaoishi karibu na migodi wana haki ya kuuliza fedha hiyo inakwenda wapi, na kudai kwanza mambo haya: barabara za malori zimwagiwe maji wakati wa kiangazi, lami ianzie mbele ya shule na vituo vya afya, malori yafunikwe turubai, na mashine za kupima hewa ziwekwe huko kwenye vumbi, matokeo yabandikwe mahali kila mtu anaweza kuyasoma.