Eti maskini wanazaa sana kwa sababu hawajui: tuongee vizuri kuhusu maendeleo na uzazi

Mada ya idadi ya watu ikianza tu, hazipiti dakika mbili mtu ashadakia "wapelekeeni umeme na TV wataacha kuzaa" halafu watu wanacheka. Mi nimeichoka hii stori, so nianze na hiyo hiyo.

Dhana: wanazaa wengi kwa ujinga.
Wanapiga hesabu jamani, tena hesabu kali. Chukua sehemu ambayo kati ya watoto watano mmoja au wawili hawafiki miaka mitano, mama anataka wanne wafike ukubwani, atazaa sita au saba, sasa ujinga uko wapi hapo? Na mtoto wa miaka minane anachunga, anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni, na uzeeni pensheni ni hao hao watoto. Leta chanjo na maji safi halafu mpeleke huyo mtoto shule, hapo hesabu inageuka, alikuwa mikono ya kazi sasa ni sare, madaftari na nauli. Ila haigeuki siku hiyo hiyo, wazazi wanataka waone kwanza kama watoto wanapona kweli, ndo maana katikati hapo watu huongezeka kwa kasi na wengine wanaanza kulaumu chanjo.

Dhana: nchi lazima itajirike kwanza.
Hii ndo inayoniudhi zaidi maana hata wasomi wanaisema. Angalia Bangladesh, mwanzoni mwa miaka ya 70 nchi imetoka vitani, maskini wa kutupwa, wastani ni karibu watoto 7 kwa kila mwanamke. Leo ni kama 2, na hawakusubiri utajiri. Mwaka 1977 eneo la Matlab walifanya kitu rahisi tu, wakagawanya vijiji, nusu vikabaki na huduma za kawaida za serikali, nusu wakaajiri akina mama wa hapo hapo kijijini, waliosoma kidogo, wenye watoto wao, wawe wanapita nyumba kwa nyumba kila wiki mbili. Anaingia na mkoba wake, ana vidonge, kondomu, sindano, anakaa chini anauliza ile ya mwezi uliopita ilikusumbua? kichwa kinauma? basi tubadilishe. Yaani mwanamke ambaye kwa desturi ya kule hatoki toki nje, huduma imemfuata ndani. Ndani ya mwaka mmoja na nusu matumizi ya uzazi wa mpango yalitoka asilimia 7 hivi yakapita 30, kwa watu wale wale, umaskini ule ule.

Iran nayo, katikati ya miaka ya 80 ilikuwa zaidi ya 6, kufika 2000 hivi iko kwenye 2. Vituo vya afya vijijini, wasichana shuleni, na serikali ya mashehe yenyewe ndo iliyokuwa inahimiza uzazi wa mpango (wanaosema dini haiwezi kuruhusu, mnaona?). Upande wa pili kuna Guinea ya Ikweta, hela za mafuta zilimwagika miaka na miaka lakini wanawake waliendelea kuzaa zaidi ya wanne kwa wastani. Kwa hiyo hela peke yake haitoshi.

Dhana: China ilifanikiwa kwa sheria ya mtoto mmoja.
Sheria ilikuja 1980. Kufikia hapo kiwango kilishashuka kutoka karibu 6 mwaka 1970 hadi chini ya 3. Watu walilazimishwa sana hata kabla ya hapo, sikatai, ila kushuka kwenyewe kulishatokea. India walijaribu ubabe 1976, wanaume zaidi ya milioni 6 wakafungwa uzazi mwaka mmoja, mwaka uliofuata waziri mkuu Indira Gandhi akapigwa chini kwenye uchaguzi na uzazi wa mpango ukabaki na jina baya. Waliotangulia kushuka kule ni jimbo la Kerala, walikosomesha wasichana mapema.

Dhana: jaza vidonge kliniki, yameisha.
Niger 2012 kila mwanamke alikuwa na wastani wa watoto 7 na kitu, wakaulizwa mnataka wangapi, wakasema 9, wanaume 11! Kwa mtu kama huyo kliniki iliyojaa vidonge haimsaidii kitu, wengi waliolewa wangali watoto na shule hawakuimaliza.

Dhana: uzazi ukishuka, idadi ya watu inashuka.
Hapana, na hii ni hesabu ya vidole. Bibi kazaa sita, watatu wasichana. Kila msichana akazaa wawili tu, wajukuu ni sita, vichanga ni wale wale sita ingawa uzazi umeshuka kutoka 6 hadi 2, na bibi bado yuko hai. Ndo maana Bangladesh ile ile ya watoto wawili ilikuwa na watu kama milioni 70 ikipata uhuru, na sasa imepita milioni 170.