Alama ya kijani haizibi tundu

Mama mmoja mwenye steshenari, mteja wangu wa miaka mingi, aliniletea desktopu mbili juzi. Zote ni Windows 10, na zote hazijapata kiraka hata kimoja tangu Oktoba 2025. Kabla sijachomeka waya akaniambia, "Fundi, Windows usiiguse, humo mna kazi zangu zote. Nitilie antivairasi ya kulipia, basi." Nikamweleza kwamba Windows 10 ilikwisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Akatoa simu. Microsoft wenyewe wameandika kwamba Defender, antivairasi yao inayokuja ndani ya Windows, kwenye Windows 10 itaendelea kusasishwa hadi Oktoba 2028. "Sasa mwanangu, nimsikilize nani, wewe au wenye mali?"

Wenye mali wamesema kweli, na mimi pia nimesema kweli. Tatizo ni hili neno "sasisho". Limebebeshwa vitu viwili visivyofanana, na kwa ajili yake nimetoa maelezo haya mara nyingi mno nikiwa nimesimama kaunta, mteja anaangalia saa. Ngoja niyaandike, safari nyingine nitume linki.

Sasisho la antivairasi ni orodha. Kila siku, mara nyingine zaidi ya mara moja kwa siku, mashine inapokea saini mpya: faili la namna hii ni baya, programu ikifanya hivi isimamishe. Ndicho Microsoft walichokiahidi hadi 2028. Kiraka cha Windows ni msimbo wa Windows yenyewe uliorekebishwa pale waandishi wake walipokosea. Hicho ndicho kilichokoma. Mtu aliyekulia pwani nikimwambia hivi ananielewa upesi: jahazi linalovuja lina kazi mbili. Kuna kukalafati, yaani kushindilia pamba na mafuta kwenye nyufa za mbao, na kuna kufua maji yaliyokwisha kuingia. Antivairasi inafua maji. Mfua maji hodari anaweza kukufikisha Unguja, sibishi. Ila nyufa zinaongezeka kila mwezi, na fundi wa kalafati ameshaacha kazi.

Zinaongezekaje, wakati msimbo haubadiliki tena? Hapa watu wengi wananiuliza kwa dhati kabisa: "Kama Windows yangu imebaki vilevile, ubaya mpya unatoka wapi?" Unatoka kwenye viraka vya wenzako. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft wanatoa viraka vya Windows 11. Mshambuliaji anachukua faili la kabla na faili la baada, anayalinganisha, anaona mistari iliyobadilika. Hapo ameshajua kosa lilikuwa wapi. Windows 10 na 11 zina msimbo mwingi wa pamoja, kwa hiyo kosa hilohilo mara nyingi limo kwenye mashine yako, na kwako halitazibwa. Kiraka cha jirani kimekuwa ramani ya kuingilia kwako.

Mfano ninaoutumia kila siku ni WannaCry, virusi vilivyofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Ijumaa, tarehe 12 Mei 2017, virusi hivyo vilianza kusambaa, na ndani ya siku chache vilikuwa vimezipata kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za umma Uingereza ziliahirisha matibabu. Wengi wanaikumbuka skrini nyekundu iliyodai dola 300 kwa bitcoin. Namna vilivyoingia wanaikumbuka wachache, na mimi hiyo ndiyo inayonihusu.

Hakuna aliyebonyeza chochote. Windows ina huduma ya kushirikiana mafaili na printa kwenye mtandao, inayosikiliza kwenye poti 445, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo. Toleo la kwanza la itifaki yake (kanuni za mawasiliano), SMBv1, lilikuwa na kosa: ukiirushia pakiti, yaani vifurushi vya data, zilizopangwa kwa namna fulani, kumbukumbu inafurika na msimbo wa mshambuliaji unaendeshwa ndani ya keneli, yaani kiini cha Windows. Silaha hiyo, EternalBlue, ilitengenezwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, na ikavujishwa Aprili 2017 na kundi lililojiita Shadow Brokers. Sasa fikiria antivairasi ya kawaida inasubiri nini. Inasubiri faili liandikwe kwenye diski, au programu ianzishwe. Pakiti kwenye poti 445 si faili wala si programu. Faili la WannaCry lilipokuja kuandikwa kwenye diski, aliyelileta alikwisha kupata mamlaka ya juu kuliko wewe mwenye mashine. Baadhi ya antivairasi zililidaka hapohapo, na zinastahili sifa. Lakini zilidaka mzigo mmoja. Tundu lilibaki wazi kwa mzigo wa pili.

Na kuna jambo jingine kwenye kisa hiki linaloniudhi kila likisimuliwa kombo. Watu wanasema WannaCry ilikuwa adhabu ya waliobaki na Windows XP. Sivyo. XP nyingi zilizoshambuliwa ziliishia kwenye skrini ya bluu tu. Sehemu kubwa sana ya zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7, na Windows 7 mwaka 2017 ilikuwa hai. Muda wake ulikwisha tarehe 14 Januari 2020. Kiraka, kile cha MS17-010, kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, siku 59 kabla. Kilikuwepo, cha bure, hakikuwekwa.

Kwa hiyo ninaposema "Windows iliyopitwa na wakati" siangalii namba peke yake. Ukiwa na Windows 11 na fundi wako amezima masasisho ili bando lisiishe, au ili kraki (programu iliyovunjwa leseni) isishtukiwe, Windows yako imepitwa na wakati tangu siku aliyoyazima. Mashine za hivi napokea nyingi kuliko Windows 7, na antivairasi zake huwa zimesasishwa asubuhi ileile. Bando la saini linaonekana dogo, la viraka linaonekana kubwa, basi mwenye mashine anaruhusu moja na kuzuia jingine. Halafu anaiona ile alama ya kijani pembeni ya saa na roho inatulia. Ile alama inakwambia orodha ni ya leo. Haikwambii lolote kuhusu keneli.

Tena keneli ndiyo inayoipa antivairasi macho. Antivairasi ikitaka kusoma faili, inaiomba Windows ilisome. Draiva yake, kipande chake kinachoiunganisha na Windows, inakaa ndani ya keneli hiyohiyo. Mshambuliaji akiingia humo wako ngazi moja: anaweza kulificha faili, anaweza kuizima draiva, anaweza kuacha alama ya kijani inawaka na nyuma yake hakuna kinachokaguliwa. Windows 10 na 11 zina kinga za kuifanya kazi hiyo iwe ngumu. Windows 7 inazo chache, XP karibu hazipo. Ndiyo maana antivairasi ileile, ya kampuni ileile, kwa bei ileile, haikupi ulinzi uleule kwenye mifumo hiyo mitatu.

Na antivairasi nayo ni programu, iliyoandikwa na watu, yenye makosa. Mei 2017 hiyohiyo, siku chache kabla ya WannaCry, Tavis Ormandy na Natalie Silvanovich wa Google walikuta kosa kwenye injini ya ukaguzi ya Microsoft, ile iliyo ndani ya Defender. Ilitosha faili lililoandaliwa kwa ubaya likaguliwe, hata likiwa ndani ya barua pepe ambayo hujaifungua, na mashine inakuwa ya mtu mwingine. Kazi yenyewe ya kukagua ndiyo iliyofungua mlango. Microsoft waliziba ndani ya siku chache. Kwenye mfumo ambao kampuni ya antivairasi imeacha kuutolea matoleo mapya na inatuma saini tu, kosa kama hilo nani atakuja kuliziba?

Haya mengine nayapitia haraka. Antivairasi mbili kwenye mashine moja, hapana. Zinagombania mafaili na mashine yenye RAM ya GB 4 inakwama. Windows 7 iliyopigwa upya kwa DVD ya zamani ikikataa antivairasi mpya, usimlaumu aliyekuuzia leseni: Windows hiyo haijui kuthibitisha saini za SHA-2 (mihuri ya kidijitali ya programu, si zile saini za virusi) hadi iwekewe kwanza kiraka KB4474419 cha mwaka 2019. Na kwenye Windows 7 kivinjari nacho kimeganda. Chrome ya mwisho kuikubali ilikuwa toleo la 109, la Januari 2023. Kivinjari ndicho kinachokutana na watu usiowajua kutwa nzima, kwa hiyo hilo linanitisha kuliko Windows yenyewe.

Sasa niwageukie mafundi wenzangu, maana wengine mmekimbilia upande wa pili. Nasikia, "Mfumo umekufa, antivairasi haina maana, itoe mashine iwe nyepesi." Hapana, jamani. Steshenari inapokea fleshi kutwa nzima, kila moja imetoka kwenye kompyuta usiyoijua. Vile virusi vinavyoficha mafaili na kuacha shotikati havitumii tundu lolote la Windows. Vinamsubiri mtu abofye. Antivairasi yenye saini za leo inavidaka kwenye Windows 10, kwenye Windows 7, hata kwenye mfumo mkongwe zaidi ilimradi inakubali kufanya kazi humo. Kuitoa ni kuacha kufua maji kwa sababu chombo kinavuja.

Na hapa niseme shaka langu. Nikizikumbuka mashine zilizoambukizwa ambazo nimezishika mimi, nyingi ziliingiliwa kwa njia ambayo kiraka kisingeizuia. Fleshi. Kiambatisho cha "ankara". Zaidi ya yote kraki, ambayo maelekezo yake yanaanza kwa kukwambia uzime antivairasi, na watu wanazima. Basi je, ninapiga kelele za viraka kwa watu ambao hatari yao ya kwanza ni kraki? Huenda ndiyo, kwa baadhi yao. Lakini pia najua tunavyofanya kazi: mteja anataka mashine jioni, tunaokoa mafaili, tunapiga Windows upya, na ushahidi wa namna alivyoingiliwa tumeufuta kwa mikono yetu. Aliyebonyeza kitu kibaya anakumbuka na anakiri. Aliyeingiliwa kupitia poti hana cha kukumbuka. Kwa hiyo hesabu yangu ya dukani inaegemea upande mmoja, na siiamini sana.

Shaka la pili ni zito kwangu zaidi, nalo ni la fedha. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu za mtumba zinazoingia kwetu kutoka Dubai na Ulaya nyingi ni Core i5 za kizazi cha nne hadi cha sita. Ni mashine nzima, zenye nguvu ya kutosha kwa kazi ya ofisi, na mwenye nayo aliinunua kwa kudunduliza. Siwezi kumtazama usoni nikamwambia aitupe. Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inakaa vizuri humo na viraka vyake vinakuja bure, na kwa mwanafunzi naiweka bila kusita. Kwa steshenari nasita: mteja analeta CV ya Word, LibreOffice, programu ya ofisi ya humo, inasogeza majedwali, na mwenye duka anagombezwa kwa kosa ambalo si lake.

Kwa Windows 10 kuna njia ya katikati ambayo watu wengi hawajaitumia. Microsoft wana mpango wa viraka vya ziada kwa kompyuta za watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft, kisha unajisajili palepale kwenye ukurasa wa Windows Update. Unalipa dola 30, au unatoa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au unakubali tu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao bila kulipa kitu. Hivi ni viraka vya usalama vyenyewe, vya kuziba msimbo. Ni hadi Oktoba hiyo tu, ila ni muda wa kudunduliza mashine nyingine.

Yule mama nilimweleza yote haya, kwa ufupi kidogo kuliko hapa. Kompyuta anayoitumia kwa barua pepe na malipo nimeisajili kwenye mpango huo kwa akaunti yake, na viraka vimeanza kushuka jioni ileile. SMBv1 nimeizima. Ya pili, ya kuchapa tu, nimeichomoa waya wa mtandao na printa nimeiunganisha kwa USB. Kwa sababu itaendelea kupokea fleshi za watu, kila Jumatatu kijana wake anapakua faili la saini za Defender, linaitwa mpam-fe.exe, kwenye ile ya kwanza, analihamisha kwa fleshi ya dukani isiyoazimwa mtu, na kulifungua kwenye ya pili. Mafaili yake ya kazi yapo kwenye diski ya nje inayochomekwa wakati wa kunakili tu. Leseni ya antivairasi aliyotaka kuinunua hakuinunua. Ile fedha ameniachia niiweke, kianzio cha mashine ya Oktoba.